Siku ngapi zinatosha kumpata mtu wa mapokezi?

Masika, Machi mpaka Mei, ndipo vyumba vya wageni Jambiani na Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, vinapokaa vitupu, na ndipo wengi wetu tunapotafuta wafanyakazi wa msimu unaoingia Juni. Naendesha nyumba ya vyumba vinane, na kila mwaka tunabishana na wenzangu: kumchagua mtu mmoja kuchukue siku ngapi?

Wapo wanaosema siku moja. Unamwambia mpishi wako, anakuletea mtoto wa dada yake, kesho asubuhi yuko kazini. Siidharau njia hii. Anayemleta mtu huchelea aibu, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayemfunza. Lakini kijana akishindwa, kumwondoa ni ugomvi na ukoo mzima. Na asiye na mjomba hotelini hata habari ya kazi haimfikii.

Wengine huchukua mwezi: tangazo, barua, usaili wa kwanza, wa pili, kuwapigia simu waajiri wa zamani. Wana hoja. Mtu wa mapokezi anashika fedha na pasipoti za wageni; ukikosea, unaanza upya Julai nyumba imejaa, na aliyebaki anabeba zamu mbili.

Tatizo ni kwamba tunahesabu siku zetu tu. Mwaka mmoja nilimwita msichana wa Wete, kisiwani Pemba. Alipanda gari mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, akalala kwa shangazi yake Mwanakwerekwe, asubuhi akashika daladala. Alifika na bahasha ya vyeti ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isirowe. Nikamuuliza maswali dakika ishirini, mengi majibu yake yamo kwenye barua. Nilipomwita mara ya pili, alikwishapata kazi Kiwengwa. Nilimpoteza kwa kosa langu, na bado linanikera.

Sasa mazungumzo ya kwanza ni kwa simu. Anayeelekea kufaa namwita mara moja, kwa siku nzima, nauli na ujira juu yangu. Anakaa mapokezi na mwenzake, nami namtazama anavyozungumza na mgeni aliyekasirika kwa kuwa umeme umekatika. Jibu analipata ndani ya siku tatu, hata likiwa la kukataliwa. Kitambulisho, barua ya sheha wa mtaa wake na kumsajili ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ni mambo ya kufuatilia baadaye.

Muda mrefu hasa huanza akishaajiriwa. Wiki tatu za mwanzo, mfanyakazi wa zamani hafanyi hata nusu ya kazi yake, anafundisha: daftari la vyumba, funguo, jenereta, mgeni anayefika saa nane za usiku. Kwa hiyo nataka aanze mwanzoni mwa Mei. Wenzangu wanaiona hasara kulipa mshahara mwezi usio na mapato, na kwa mwenye vyumba vitatu ni hasara kweli. Ila anayeanza katikati ya Juni hujifunza mbele ya wageni, na wageni hao ndio wanaoandika mtandaoni jinsi walivyopokewa.