Habu Iliyomeza Mkia Wake

Laptopu yangu ina matundu mawili tu ya USB, nami vifaa ninavyo kama duka. Nikanunua habu, kile kisanduku kinachogawa tundu moja la USB kuwa mengi. Yangu ilikuwa ya matundu saba, na siku ileile nikayajaza yote: kipanya, kibodi, printa, kamera, diski ya nje, simu ya kuchaji, na kifeni cha mezani. Kifeni sikukihitaji, ila tundu la saba lilikuwa linanikodolea macho.

Kesho yake niko kwenye kikao cha mtandaoni, huku nanakili mafaili ya bosi kwenye diski. Joto likanizidi, nikawasha kifeni. Diski ikaanza: tk, tk, tk. Kipanya kikazima taa. Kamera ikanigandisha nimeachama, jicho moja limefumba, na sura hiyo ndiyo waliyobaki nayo wenzangu.

Kosa lilikuwa langu. Habu ile haikuwa na umeme wake. Ilikuwa inaomba kwa laptopu. Tundu la USB 2.0 hutoa umeme wa miliampia 500, na diski inapoanza kuzunguka inaweza kuzitaka zote peke yake. Mimi nimeialika kula sahani moja na wenzake sita!

Basi nikanunua habu yenye adapta ya ukutani. Nikatambaa chini ya meza, kwenye msitu wa nyaya nyeusi zinazofanana kama mapacha, nikachomeka kwa kupapasa. Taa zote saba zikawaka buluu. Raha! Nikatoka, nikajigonga kichwa, nikaketi. Kompyuta haioni kitu. Hata kipanya.

Nikaizima na kuiwasha mara tatu. Mwishowe nikampigia muuzaji, nikampa vidonge vyake: ameniuzia kimeo. Akauliza kwa upole, "Umeichomeka kwenye kompyuta, mzee?"

"Unaniona mimi mtoto? Taa si zinawaka!"

Taa, kumbe, zilikuwa zinawashwa na adapta. Mpwa wangu alikuwa ameshajipenyeza chini ya meza na tochi ya simu. Kimya. Kisha nikasikia kicheko cha kubanwa puani.

"Mjomba, huu waya wa kwenda kwenye kompyuta…"

"Una nini?"

"Umeingia tundu la nne. La habu hiihii."

Kwenye simu, muuzaji: "Haloo? Mzee, upo?"

Nikakata.