Mshale wa maji hautoshi, pimeni joto la hewa

Muulize mwenye gari la turbo hapa Mombasa kama injini yake ina joto, atakuonyesha mshale wa dashibodi. Uko katikati, basi mambo shwari. Kwangu mimi mshale ule hautoshi kabisa. Unapima maji ya injini tu, na hata hayo hauyapimi kwa undani, kwani katika magari mengi ya miaka ya karibuni umepangwa utulie katikati hata maji yakipanda au kushuka digrii kadhaa. Hewa inayoingia kwenye injini hauna habari nayo, na kwenye gari la turbo hewa ndiyo mambo yote.

Kazi ya turbo ni kubana hewa, na hewa ikibanwa hupata moto. Chukua adhuhuri ya mwezi wa Machi, upepo umekata, nje ni digrii 32. Turbo ikisukuma mgandamizo wa bari 0.8, hewa hiyo itatoka ikiwa imepita digrii 100. Hapo ndipo intakula, ile rejeta ndogo ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, inapoanza kazi ya kuishusha joto. Sasa fikiria hewa hiyo haikuingia ikiwa na digrii 32 bali 55, kwa kuwa imevutwa kutoka mle mle ndani ya boneti. Hesabu yote inapanda. Kila digrii tatu zinazoongezeka, uzito wa hewa hupungua takriban asilimia moja, na nguvu hupungua nao. Kupungua nguvu mtu atavumilia. Kinachonitia hofu ni injini kugonga, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa kujilipukia wenyewe bila kungoja mwako wa plagi. Kompyuta ya gari ikisikia kugonga huko huchelewesha cheche ili iokoe injini. Gari linakuwa zito, na dereva asiyejua sababu anazidi kukanyaga. Pistoni nyingi za turbo zimepasuka kwa mtindo huo.

Nendeni foleni ya feri ya Likoni mchana muone. Kwenye Subaru Forester nyingi za turbo intakula imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Gari likitembea, tundu linapitisha upepo na kila kitu kinakwenda sawa. Gari likisimama upepo haupo, na joto lote la injini na la turbo linapanda juu, linaivaa intakula ile ile inayotakiwa kupoza. Simu yangu, inayosoma joto la hewa kutoka kwenye gari, naibana kwenye dashibodi nikiangalia. Barabarani hewa kabla ya turbo husoma digrii 38 au 40, lakini foleni ikikaza namba hupanda moja moja mpaka 50 na kitu, na kipimo cha pili nilichofunga baada ya intakula hupita 70. Mshale wa maji muda wote huo umetulia palepale. Kisha feri inafika ng'ambo, na kitu cha kwanza mbele yako ni ule mlima wa kutokea. Ndipo watu wanapokandamiza mafuta, dakika ambayo hewa yao ni mbaya kuliko saa yoyote ya siku.

Kupima si gharama. Kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani hakifikii hata bei ya kujaza tangi, na programu za kukisomea kwenye simu zipo za bure. Ila jambo moja lazima ulijue kabla hujaamini namba: sensa ya gari lako iko wapi? Kwenye Subaru nyingi imo ndani ya kipimo cha hewa karibu na filta, kabla ya turbo, kwa hiyo haikwambii lolote kuhusu kilichotokea baadaye. Gari jingine huwa nayo baada ya intakula. Usilinganishe namba zako na za jirani kabla ya kuhakikisha hilo. Ukitaka kufunga kipimo cha ziada, ncha yake ikae katikati ya njia ya hewa bila kugusa chuma, na waya wake upite mbali na paipu ya ekzosi. Halafu soma tofauti na joto la nje. Digrii 45 ni balaa asubuhi ya Julai, ila si ajabu kwenye foleni ya Machi.

Ukishakuwa na namba, mengi ya gereji unaanza kuyaona kwa jicho jingine. Ile filta ya koni iliyo wazi, wanayofunga vijana kwa ajili ya sauti, huvuta hewa ya moto kutoka boneti. Boksi la filta lililokuja na gari, lenye mdomo wake unaotokeza mbele, linaishinda kwa mbali katika mji wetu huu. Nairobi labda mtu atapona nayo kwa sababu ya baridi, ingawa hewa ya kule ni nyepesi na turbo inajichosha zaidi.

Kuna na hili la thamostati, kile kizibo kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini kwenda kwenye rejeta. "Toa hiyo, kaka, hapa pwani haina kazi," fundi atakwambia, na ataitupa. Thamostati inazuia injini isipoe kupita kiasi, na maji yakishapata moto huwa imefunguka yote. Rejeta ikiziba au feni ikifa, kuitoa hakutakuponya, na joto la hewa halitashuka hata digrii moja.

Mwenye Subaru ya intakula ya juu afungue boneti leo atazame raba inayoziba kati ya tundu na intakula. Kwa magari yaliyozeeka juani mara nyingi imekatika au haipo, na upepo unapotea pembeni. Atazame na bati la kinga ya turbo, ambalo mafundi hulitoa wakafanya kazi yao na wasilirudishe. Na akishuka feri, aende polepole akiitazama simu mpaka namba zirudi chini. Mara nyingi zinakuwa zimerudi kabla hujafika Ng'ombeni.