Monoreli si bembea ya watalii

Ukiitetea monoreli, yaani treni inayopita juu ya reli moja au kuning'inia chini yake, mbele ya wapanga miji, utaambiwa ni bembea ya watalii, kisha utatajiwa Sydney, Australia. Duara la kilomita 3.6 katikati ya jiji, treni zikizunguka upande mmoja tu. Lilifunguliwa 1988, na 2013 likafungwa, likang'olewa.

Sawa. Lakini Wuppertal, Ujerumani, watu wanaenda kazini kwa treni ya kuning'inia tangu 1901. Ni kilomita 13.3, sehemu kubwa juu ya mto Wupper. Bonde lile ni jembamba, viwanda na nyumba vilishalijaza. Nafasi iliyobaki ilikuwa hewa iliyo juu ya maji, na wajenzi wakaichukua. (Mwaka 1950 walimpandisha tembo wa sarakasi ili kupiga tangazo. Akatoboa ubavu wa behewa, akaangukia mtoni, akatoka na michubuko tu.) Abiria watano walikufa mwaka 1999, baada ya mafundi kusahau kipande cha chuma kwenye reli. Huo ni uzembe, haukuwa ubovu wa muundo.

Chongqing, Uchina, hali ni hiyo hiyo: milima, na mito miwili, Yangtze na Jialing. Matairi ya mpira ya monoreli yake hung'ang'ania boriti ya zege, ndiyo reli yenyewe, na kupanda miinuko ambayo gurudumu la chuma huihangaikia. Dunia hupiga picha treni ikipenya jengo la ghorofa kwenye kituo cha Liziba. Mimi hunivutia zaidi Njia ya 3, yenye zaidi ya kilomita 60. Hakuna anayejengea watalii urefu huo.

Wapinzani wana hoja moja inayonikosesha usingizi, nayo si ile ya treni kukwama hewani na abiria ndani. Ni vipuri. Treni hizi hazina kipimo kimoja cha dunia. Ukinunua, umefunga ndoa na mtengenezaji. Mumbai, India, ilizindua yake 2014, mkataba na kampuni ya Malaysia ukavunjwa 2018, na mabehewa yakawa yanalala kwa kukosa vifaa.

Wuppertal nako treni hazina pacha popote, basi mji uliagiza mpya 31 mwaka 2011. Hata hivyo, Novemba 2018 reli inayozipa treni umeme, kipande cha mita 350 hivi, ilianguka, na usafiri ukasimama hadi Agosti 2019. Miezi yote hiyo, bonde zima lilibanana kwenye mabasi.