Ikishindikana Hulipi

Fundi asiye na kibanda ana shida moja: mwenye feni iliyokufa leo hajui kwamba upo, na anayejua kwamba upo, feni yake ni nzima. Mimi hutembea na mkoba wa bisibisi, mita na waya wa risasi. Pasi, feni, friji, maikrowevu, chochote chenye waya nakifungua na nakirudisha. Kutengeneza hakujawahi kunisumbua. Kinachonisumbua ni kujulikana.

Nilianza na WhatsApp. Wateja walipatikana, ila wote walikuwa ndugu, na ndugu hulipa kwa kukuuliza habari za nyumbani. Nikageukia vibandiko vidogo vyenye namba yangu, ninavibandika nyuma ya kila kifaa ninachokitengeneza. Hii ni mbinu nzuri sana na fundi yeyote aige: siku kifaa kikizingua tena, namba ipo palepale. Kasoro yake ni kwamba kifaa kilichotengenezwa vizuri hakizingui upesi, kwa hiyo kadiri unavyoijua kazi ndivyo tangazo lako linavyochelewa.

Basi nikaingia kwenye karatasi. Za mwanzo zilichapwa kwa mashine ya wino wa maji, mvua ikanyesha, na biashara yangu yote ikateremka ukutani kama machozi ya wanja. Hapo ndipo nilipoanza kuchapa kwa leza. Unga wake ni plastiki inayoyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 200 na kushikamana na karatasi, mvua haiufanyi kitu. Nguzo za umeme niliziacha, zina wenyewe. Niliomba ruhusa kwenye jengo moja lenye wapangaji wengi na ubao wa matangazo langoni, mahali ambapo kila anayetoka na kuingia lazima apite.

Tangazo lenyewe lilikuwa la karatasi mbili. Ya juu ni kichwa cha habari, herufi kubwa za kusomeka kutoka mbali: FENI, PASI, FRIJI, MAIKROWEVU. Ya chini maelezo: "Imepoa? Inapiga kelele bila kufanya kazi? Nafika nyumbani kwako. Nafungua, nasafisha, narudisha kama mpya. Ikishindikana hulipi." Chini kabisa vipande vya namba ya simu vya kuchana. Kipande cha kwanza nilikichana mwenyewe, maana hakuna binadamu anayetaka kuwa wa kwanza.

Ambacho sikukijua ni kwamba mlinzi wa jengo lile anapenda usafi. Siku moja alishusha kila kitu, akaufuta ubao, akapandisha karatasi upya kwa jinsi zilivyopendeza machoni pake. Na jirani yangu pale ubaoni alikuwa mshauri wa ndoa, naye ametumia karatasi mbili. Kichwa chake kilisomeka: NDOA YAKO INA MATATIZO?

Simu zikaanza kuingia. Nikafurahi.

"Wewe ndiye unayetengeneza?" aliuliza mama mmoja kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mama. Yako ina tatizo gani?"

"Imepoa."

"Ghafla au kidogokidogo?"

"Kidogokidogo. Mwanzoni ilikuwa moto, baba, hata kuigusa unaogopa."

Pasi, nikasema moyoni. Themostati hiyo. "Ina miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Hongera! Siku hizi hazidumu hivyo. Wengi wakitumia miaka miwili wanatafuta nyingine."

Kimya. "Kwa hiyo unanishauri nitafute mwingine?"

"Usiharakishe, niione kwanza. Mara nyingi ni waya tu umekatika ndani, mtu anatupa kitu kizima."

Akaanza kulia. Nimewahi kukutana na watu wanaovipenda vifaa vyao, lakini kuililia pasi! Nikaandika anwani, nikaahidi kufika.

Akapiga bwana mmoja, ananong'ona. Yake inapiga kelele usiku kucha. Nikamuuliza kama kuna na mtikisiko, akasema mpaka milango inagonga. Friji, bila shaka, kompresa imelegea kwenye mipira yake. Nikamshauri kwa kuanzia aache nafasi ya kupitisha hewa. "Nimeshaiacha," akajibu, "nalala sebuleni." Nikadhani friji yake ipo chumbani. Watu wanaishi kwa namna nyingi, fundi hahoji.

Aliyenitisha ni mpigaji wa tatu, kijana. "Kaka, kwa nje taa zinawaka, wageni wanaisifu. Ndani hakuna joto kabisa." Nani asingesema maikrowevu? Halafu akaongeza, "Leo jioni nimeamua. Nafungua kila kitu."

"Usithubutu!" nikapiga kelele. Kwenye hili huwa sina utani. Ndani ya maikrowevu kuna kapasita inayochajiwa kwa volti zaidi ya 2,000, na inaweza kubaki na chaji hata ukishachomoa waya. "Unaiona imetulia, unadhani umeme umekwisha. Ukigusa tu, unakufa!"

"Kaka," akasema taratibu, "umemjuaje mke wangu?"

Hapo nilitakiwa kushtuka. Lakini simu nyingine ilikuwa inaita, na fundi aliyekaa muda mrefu bila kazi hakatai simu.

Nikaenda kwa yule mama wa pasi. Nilipokelewa na mumewe, shati limenyooka kiasi kwamba nilianza kutilia shaka ule ugonjwa wa pasi. Wakaketi kochi moja, yeye ncha hii, mkewe ncha ile. Nikafungua mkoba, nikatoa bisibisi na mita, nikapanga mezani. Mume akavitazama vile vitu, kisha akamtazama mkewe.

"Tuanze," nikasema. "Mara ya mwisho ilifanya kazi lini?"

"Muulize yeye," wakasema kwa pamoja.

"Basi nionyesheni yenyewe."

"Yenyewe ndiyo hii, fundi," mume akasema, akijielekeza kidole yeye, kisha mkewe. "Sisi."

Nikachungulia nyuma ya kochi, labda pasi ipo huko. Haikuwepo. Mama akanionyesha picha ya ubao aliyoipiga kwa simu: NDOA YAKO INA MATATIZO? Na chini yake maneno yangu mwenyewe, nafungua, nasafisha, narudisha kama mpya. Jasho likanitoka. Juu yetu feni ya darini ilikuwa inaunguruma bila kuzunguka, na kwa kukosa pa kuyaweka macho nikawauliza kuhusu hiyo.

"Hiyo!" mama akasimama. "Miezi yote ananiahidi kesho, kesho!"

"Nimekwambia mota imeungua," mume akajibu.

Feni inayounguruma bila kuzunguka, lakini ukiisukuma kidogo kwa mti inaanza, mara nyingi mota yake haina kosa. Kapasita imechoka. Nikazima umeme, nikapanda juu ya meza, nikatoa ya zamani nikaweka ya maikrofaradi 2.5, nikawasha. Feni ikazunguka. Wote wawili wakainua vichwa kuitazama, na kwa mara ya kwanza tangu niingie walikuwa wanatazama upande mmoja.

"Mota imeungua, eh?" mama akasema.

"Ilikuwa inanuka," mume akajitetea, na mama akacheka. Bwana yule alilipa bila kuomba kupunguziwa. Mkewe akalitangazia jengo zima kwamba kuna mshauri haongei sana, anatibu kwa bisibisi.

Jioni ile mshauri mwenyewe akanipigia. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Kichwa changu cha habari kilikuwa juu ya namba yake, na yeye, akidhani watu wanaona haya na wanasema kwa mafumbo, alikuwa anawahudumia. Mmoja mwenye friji isiyogandisha alimwambia akae nayo usiku mmoja, aisikilize bila kuihukumu. Yule mtu alikaa. Mwingine alimshauri asiibane sana, aipe nafasi ipumue. Akaisogeza kutoka ukutani, friji ikapata hewa kwa nyuma, ikaanza kugandisha. Nikaona wivu, sikatai. Bila hata bisibisi.

Tulimfuata mlinzi atubadilishie karatasi. Akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ubao, akasema umependeza hivyohivyo.

Tukakubaliana basi, mimi na mshauri, kwamba kila anayepiga simu aulizwe kwanza kama yake ina plagi. Akisema ndiyo ni wangu, akisema hapana ni wa mwenzangu. Mpango ulikwenda vizuri mpaka alipopiga dada mmoja nikamuuliza.

"Ilikuwa nayo," akasema. "Akaondoka nayo."

Nikampa namba zote mbili.