Kauboi mchoraji wa Montana na picha zetu za Dar

Kwetu kauboi ni mtu wa sinema. Hapa Montana, jimbo la Marekani, ni mtu wa kazi, na aliyemchora vizuri kuliko wote alitoka kazini humo humo. Charles Russell alizaliwa St. Louis mwaka 1864 na akafika huku 1880, akiwa na miaka 16 hivi. Kwenye kondoo alishindwa. Baadaye akawa mchungaji wa zamu ya usiku, na zamu hiyo ndiyo iliyomlea: usiku yuko na mifugo, mchana anatazama wenzake wakikamata ng'ombe kwa kamba, anachora.

Baridi ya 1886–87 iliteketeza mifugo. Tajiri mmoja aliyekuwa mji wa Helena aliuliza ng'ombe wake wana hali gani. Alichopelekewa ni kikaratasi cha rangi ya maji, kama postikadi tu, mkono wa Russell: ng'ombe mmoja kwenye theluji, mbavu nje, mbwa mwitu wanamsubiri adondoke. Kikaratasi hicho ndicho kilichompa jina.

Ila jina halikumpa hela. Miaka mingi alikuwa akilipia vinywaji kwa picha. Mambo yaligeuka alipomwoa Nancy, 1896. Huyu mama alishika barua na hesabu, akapandisha bei mpaka mumewe akaziita bei za marehemu, yaani za wachoraji waliokwisha kufa, akampeleka kwenye maonyesho New York 1911 na London 1914. Mwaka 1912 Bunge la Montana lilimlipa dola 5,000 kwa picha moja ya ukutani, urefu wake futi 25. Kibanda chake cha kuchorea cha 1903, kilichojengwa kwa nguzo za simu, bado kimesimama Great Falls. Picha zilizokuwa zikining'inia kwenye baa ya Mint sasa ziko makumbusho Fort Worth, Texas.

Hapo ndipo namkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Ubao mwembamba wa dari, kama sentimita 60 kila upande, na rangi ya baiskeli. Kwanza rangi ya nyuma, isubiriwe ikauke kabisa, kisha mwili wa mnyama, madoa mwisho. Ukiharakisha, koti la juu hujikunja kama ngozi ya maziwa, na msimu wa unyevu Dar mtu hulazimika kusubiri zaidi. Alichora miaka minne hivi, mpaka polisi walipompiga risasi kimakosa mwaka 1972. Leo mtindo wake unauzwa kwa watalii kwa ukubwa wa ubao. Mimi naona kosa si la mnunuzi. Nani anaandika ipi imechorwa na nani, lini, ikauzwa wapi?

Huku hata sanamu ina rekodi ya vipimo. Russell alitembea na nta mfukoni, anafinyanga huku anapiga soga. Ili kusubu bronzi, yaani kumimina shaba iliyochanganywa na bati, sanamu hutengenezewa kalibu, humo hutolewa nakala ya nta iliyo wazi ndani, ukuta wake milimita 4 au 5. Hubandikwa vijiti vya nta vitakavyokuwa mifereji ya madini na njia za hewa. Vyote hufunikwa udongo wa kuhimili moto, nta huyeyushwa ikatoka, ndipo humiminwa bronzi ya nyuzi 1,100 hivi. Unyevu ukibaki, mvuke hupasua kalibu au huacha vitundu kama vya mkate. Mfereji ukiwa mwembamba, madini huganda njiani, farasi akatoka bila kwato. Halafu tupa, patasi, na dawa za kutia rangi.

Bronzi ikipoa hunywea kati ya asilimia 1.5 na 2. Mwizi anayetoa kalibu kwenye sanamu iliyokwisha subiwa hupata farasi mfupi: mwenye sentimita 30 hupungua karibu milimita 5. Wanunuzi makini huja na kipimo na vipimo vya nakala za awali.

Picha ya ubao hainywei, na saini ya E. S. Tingatinga inaigika kwa brashi moja. Kwa hiyo kwa wachoraji wa sasa, nyuma ya ubao paandikwe jina, mwezi, mwaka na namba, na namba hiyo hiyo iingie kwenye kauntabuku pamoja na jina la mnunuzi na bei. Kwa kalamu ya wino usiofutika. Ya kawaida hupauka, na ile ya risasi hufutwa na mfanyabiashara wa pili.