Usiku Niliomsaka Mtoro

Kabla sijaingia jeshini nilifanya anachofanya kila mtu mwenye busara, yaani niliwauliza waliotangulia. Walinisimulia habari za kuamshwa kabla ya alfajiri, za kunyolewa kipara, za afande anayekufokea akiwa karibu na pua yako kuliko kinyozi, na za buti mpya zinazoleta malengelenge mpaka mtu akatembea kama bata. Yote hayo niliyakuta kama nilivyosimuliwa, wala sina kinyongo na yeyote kati yao. Ila hakuna hata mmoja aliyenidokezea habari za kitanda, na kitanda ndicho kilichoniponza.

Kuruta hupewa kitanda cha chuma, godoro, shuka mbili, mto na blanketi, naye kwa ugeni wake hudhani kwamba amepewa mahali pa kulala, kumbe amepewa mtihani. Shuka hukunjwa kwenye kona za godoro kwa pembe ya digrii 45, blanketi hukazwa mpaka lisibaki na mkunjo hata mmoja, na mto hulazwa ukawa mstari mmoja na mito ya bweni zima. Siku ya ukaguzi, juu ya blanketi hilo hupangwa soksi zilizoviringishwa, mashati yaliyokunjwa yakalingana upana kama matofali, na kikombe ambacho mkono wake sharti uelekee upande mmoja na mikono ya vikombe vingine vyote. Platuni yetu ilikuwa ya watu 30, na kikombe kimoja kilichotazama kushoto kilitosha kuwarusha kichura wote 30 kuuzunguka uwanja, kwa maana huko kosa huwa la mmoja na magoti huwa ya wote.

Kwata ilinisumbua wiki ya kwanza tu. Niligundua kwamba mtu aliyetembea vizuri tangu utotoni anaweza kusahau kutembea mara anapoamriwa aanze na mguu wa kushoto, maana mkono wa kushoto nao hufuatana na mguu huo, akawa anakwenda kama kabati linalosukumwa. Koplo alinitazama kwa huruma kidogo na kwa sauti kubwa sana, na baada ya siku chache mikono ikakumbuka kazi yake. Kitanda, kwa upande wake, hakikunihurumia hata siku moja.

Mafunzo ya awali si marefu kwa kalenda. Jeshi la nchi kavu la Marekani, kwa mfano, huyamaliza kwa wiki 10, na kikosi cha Marine Corps kwa 13. Hata hivyo, kufikia wiki yangu ya nne nilikuwa nahisi nimezeekea pale. Usiku mmoja nilipiga hesabu nikaona kwamba kutandika kwa kiwango kinachotakiwa kulinichukua dakika 25, ilhali kati ya filimbi ya kuamka na kusimama mstarini tulipewa dakika 10, za kunyoa ndevu zikiwamo. Kwanza nilijaribu ujanja unaojulikana na makuruta wengi, ule wa kulala juu ya blanketi bila kulifunua, lakini mimi hugeukageuka usingizini, na asubuhi kitanda kilionekana kama kimelaliwa na punda. Ndipo nilipopata wazo ambalo wakati ule niliona ni la kijenerali. Nilitandika jioni kwa utulivu, nikapanga kila kitu, taa zilipozimwa nikaingia chini ya kitanda, nikajifunika koti la mvua, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Nililosahau ni kwamba bweni la makuruta halilali lote. Kila saa huwa na mlinzi wa zamu, kuruta mwenzetu mwenye tochi, ambaye kabla ya kumkabidhi mwenzake lindo hupita kitanda hadi kitanda akihesabu vichwa. Mlinzi wa saa nane alihesabu akapata 29. Akarudia, akapata 29. Akamwamsha koplo, naye koplo akahesabu kwa tochi yake kubwa zaidi akapata hao hao 29, na hapo filimbi ikalia.

Nilitoka uvunguni gizani katikati ya purukushani ya watu wanaogombania buti, na kwa kuwa nilikuwa nimelala na kombati mwilini, nilikuwa mtu wa tatu kufika mstarini, jambo lililonipa fahari kubwa. Sajenti alisimama mbele yetu akiwa na sura ambayo hata giza halikuweza kuificha. "Kuna mtoro," alisema. "Kuruta mmoja ametoroka, na hakuna atakayeona kitanda chake mpaka apatikane." Mtu wa kawaida angeuliza kwa nini hatukuhesabiwa upya pale pale mstarini. Jibu ni kwamba koplo alikwisha kuhesabu, na katika jeshi hesabu ya koplo si kitu cha kuhakikiwa na makuruta waliopanga mistari mitatu wakitetemeka kwa baridi.

Tukatawanywa kumsaka. Lazima nikiri kwamba sijawahi kufanya kazi yoyote ya jeshi kwa moyo kama ile. Nilimchukia yule mtoro kwa dhati. Nilimwambia jirani yangu wa kitanda cha 26 kwamba mtu anayewatesa wenzake 29 namna hii hana utu, na kwamba nikimkamata mimi mwenyewe afande hatakuta cha kuadhibu. Jirani yangu akaniunga mkono, akaongeza kwamba tangu mwanzo alijua humu ndani mna mtu mvivu. Tulichungulia ghala, tukamulika nyuma ya jiko, tukagonga milango ya vyoo mmoja mmoja. Sajenti alipouliza nani atashuka kwenye handaki la mazoezi, lililokuwa na tope la kufika magotini, nilinyosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Nilitambaa handaki lile mwanzo hadi mwisho nikiita, "Toka, tumekuona!" Nilipopanda juu nikiwa nimefanana na ukuta uliokandikwa upya, sajenti alinitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnaona huyu?" aliwaambia wenzangu. "Huyu ni askari." Katika wiki zote zile, hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata.

Msako ulikuwa umepita saa nzima koplo alipokumbuka kufanya jambo ambalo angelifanya mwanzo, yaani kurudi bwenini kuangalia ni kitanda cha nani. Alikuta vitanda 29 vimevurugika, blanketi zikining'inia hadi sakafuni kama zilivyoachwa na watu walioamshwa ghafla. Kimoja tu kilikuwa kimetandikwa, kona zake zikiwa digrii 45 kamili na mkono wa kikombe ukielekea kulia. Akasoma namba yake, akatoka mlangoni akapaza sauti uwanja mzima usikie: "Amepatikana, afande! Hakugusa kitanda usiku kucha! Ni kuruta ishirini na saba!"

Katika wiki nne nilikuwa nimefundishwa mambo mengi ambayo hayakuingia kichwani, lakini moja lilikuwa limeingia mpaka kwenye mifupa, kwamba ukisikia namba yako ikiitwa unabana visigino na kuitikia kwa sauti yote uliyojaliwa.

"Nipo, afande!" niliitikia.

Uwanja ukawa kimya. Jirani yangu wa 26 alisogea hatua moja pembeni, polepole, kama anayejitenga na mzigo usio na mwenyewe. Sajenti akaja mpaka pale ambapo waliotangulia walinionya kwamba maafande hupenda kusimama.

"Ulikuwa wapi?"

"Handakini, afande."

"Ukifanya nini handakini?"

"Nikimtafuta mtoro, afande."

"Na mtoro ni nani?"

Kuna maswali ambayo mtu hutamani apewe hata nusu dakika ya kuyafikiria. Sikupewa. "Ni mimi, afande."

Nilieleza habari za uvungu tangu dakika 25 hadi koti la mvua, nikidhani ukweli utanisaidia, na pale nilipotaja kwamba usingizi ulikuwa mzuri koplo aligeuka akatazama upande mwingine, mabega yakimtikisika. Sajenti hakutikisika. Alituamuru sote tupige pushapu 50, akanipa mimi kazi ya kuhesabu kwa sauti, na kila nilipofika 29 aliniuliza kama nina hakika hapo hapajapotea mtu, nikaanza upya. Wenzangu hawakunisemesha siku tatu. Adhabu yangu binafsi ilikuwa kuripoti kwake kila saa ya mapumziko kwa muda wa wiki nzima, nikipiga saluti na kutamka, "Kuruta ishirini na saba, nimejitafuta na nimejipata, afande!" naye, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, hujibu, "Endelea kujilinda."

Kitanda chenyewe hakikupona. Asubuhi ile ya ukaguzi sajenti alikishika blanketi kwa vidole viwili, akalivuta, na godoro likafuatana nalo hadi nje dirishani. Sakafu chini yake aliipitisha kidole akakiangalia kwa mshangao, maana hapakuwa na chembe ya vumbi. Nilikuwa nimeifuta yote kwa mgongo.

Wiki ya mwisho ulifanyika ukaguzi mkuu. Nilisimama mguu sawa kando ya kitanda changu, nimetandika kwa dakika tisa, buti zikimeta, kidevu juu. Sajenti aliingia na daftari lake, akampita wa 25, akampita wa 26, akafika kwangu. Hakunitazama usoni wala hakugusa blanketi. Aliinama taratibu, akachungulia uvunguni, akainuka na kuandika alama kwenye daftari.

"Vizuri," alisema. "Leo hayupo."