Huku wanauliza karatasi, nyumbani tunauliza "kaletwa na nani?"

Kuna ubishi hauishi kati yetu wazazi tunaoishi nje. Wengine wanasema Uingereza mtoto yuko salama maana kila anayelea ana karatasi, wengine wanasema karatasi hailei mtoto, heri dada wa kazi wa kule kwetu Tanzania aliyeletwa na shangazi. Mimi naona wote tunajidanganya, ila nyumbani ndo tunajidanganya zaidi, na najua kuna watakaonuna.

Tuanze na huku. England mtu akitaka kulea watoto wadogo wa watu kwake kwa malipo lazima asajiliwe, Ofsted, yaani wakaguzi wa serikali wa shule na malezi ya watoto, wanakuja kumkagua, ripoti inawekwa mtandaoni unaisoma ukiwa kwenye basi. Anasomea huduma ya kwanza ya watoto, anapekuliwa rekodi ya uhalifu, ile DBS. Safi sana. Lakini DBS inakwambia nini? Inakwambia hadi siku ile inatoka, kwenye mafaili hakukuwa na kitu. Basi. Hata tarehe ya kuisha haina. Kama mtu ana subira mtoto akilia lisaa lizima bila sababu, hilo utalijua mwenyewe.

Mlezi wa mwanangu hakunipata kwa vyeti. Nilimuuliza, mtoto mchanga akipaliwa utafanyaje? Hakunijibu kwa mdomo, akaokota mwanasesere sakafuni akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja mara tano, akamgeuza, akaonyesha anavyobonyeza kifua kwa vidole viwili mara tano, na wakati wote huo kuna katoto kanamvuta sketi na anakajibu vizuri tu bila kukakaripia. Nikasema huyu ndo mwenyewe.

Sasa niambieni, nani kule nyumbani ameshawahi kumuuliza dada swali kama hilo? Tunauliza kaletwa na nani, anajua kufua, ni mpole? Upole ndo sifa kuu! Binti anashuka na begi lake, hata hajajua choo kiko wapi, keshakabidhiwa mtoto wa miezi sita, vyombo, nguo za familia nzima na geti. Mara nyingi na yeye ni mtoto. Sheria ya ajira ya 2004 inakataza kuajiri mtu chini ya miaka 14, lakini nani anaombaga cheti cha kuzaliwa? Analala wa mwisho anaamka wa kwanza, mshahara unapigwa kalenda, halafu mtoto akianguka tunasema madada wa siku hizi wana roho mbaya. Jamani.

Na huyo shangazi aliyemleta, sikatai, ana umuhimu wake, likitokea la kutokea kuna mlango wa kugonga. Ila muulize vizuri utakuta binti mwenyewe hamjui, kaambiwa na mtu wa kwaya ambaye naye kaambiwa na jirani.

Ila msije mkaona nasifia huku. Nasari zinafunga jioni na wengi wetu tunapiga shifti za usiku. Mtoto akitapika au akiharisha hapokelewi hadi yapite masaa 48 tangu mara ya mwisho, wakati bosi wako anakutaka kesho asubuhi. Hapo karatasi inaishia, kwa sababu mtu anayekuja kulea kwako nyumbani halazimiki kusajiliwa. Ndo unaona kwenye magrupu usiku usiku, "wapendwa nani anamjua mama wa kuaminika?" Si tumerudi kwa shangazi, tena safari hii shangazi mwenyewe hayupo. Na wanaochukua binti wa jirani wajue akiwa chini ya miaka 16 likitokea jambo anayewajibika bado ni mzazi aliyemwachia mtoto.

Kwa walioko nyumbani, kaa na dada wiki nzima kabla hujarudi kazini, uone anavyomshika mtoto, anavyomlisha, anavyofanya mtoto akigoma kula. Mpigie bosi wake wa mwisho umuulize aliondokaje, usimtume mtu. Kama anamlea mtoto basi alee mtoto, kufua kutafutiwe mtu mwingine, na kama huna uwezo huo basi punguza nguo. Siku mojamoja rudi saa ambayo hakutegemei na uangalie mtoto ukimpokea, je anamng'ang'ania dada au anamkimbia?

Siku hizi jibu la kila mtu ni kamera. Kamera itakuonyesha kilichotokea, mtoto kashaumia. Mdogo wangu aliniomba hela ya kufunga kamera sebuleni, nikamwambia hela natuma, ila mpeleke dada akasomee huduma ya kwanza, Msalaba Mwekundu wanafundisha, na itakayobaki umwongeze mshahara. Tiki zimekuwa bluu, jibu hakuna.